Plasta Juu ya Kamera

Kerubo alinipigia simu ya video asubuhi moja mwezi uliopita nikiwa naosha vyombo, na nilipoona macho yake yalivyovimba sikumwuliza habari. Alisema mama yake alikunywa chai yake ya jioni kule Gesima, akasema amechoka, akaenda kulala, na kulipokucha hakuamka. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni na povu mikononi. Tukatazamana tu, yeye Amerika na mimi hapa Kisii, tukilia kila mtu kwa namna yake, na picha haikukatika wala kuganda. Watoto wangu hawajui kwamba hiyo ni neema. Uso wa mtu ukikwama kidogo kwenye simu zao wanasonya kana kwamba wametukanwa. Mimi kila ninapoona uso wa aliye mbali umetulia kwenye kioo humkumbuka Mama Kerubo, aliyeishi miaka yake ya mwisho bila kuona chochote, na huukumbuka mwaka ule niliofanya kazi kwa Ombati, mwaka ambao laptopu moja ilitushinda sote hadi tukaanza kuisingizia hali ya hewa.

Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti na kiburi, vyote vipya. Duka la Ombati la kutengeneza kompyuta lilikuwa ghorofani katikati ya mji wa Kisii, juu ya watu wa fotokopi, chumba chembamba chenye dirisha moja lililotazama paa za mabati. Kwa kuwa mvua ya Kisii haikosi alasiri, tuliweka sufuria kwenye kona ya kukinga matone, na kona hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa na soketi pekee isiyochezacheza, kwa hiyo mwaka mzima nilifanya kazi nikisikiliza to, to, to pembeni mwangu. Saa nne mama wa hoteli ya chini alituletea chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha, na kabla ya kula Ombati hakushika bisibisi. Alikuwa mtu mnene, mpole, mzee wa kanisa, aliyeongea na mashini kama daktari anavyoongea na mgonjwa. "Haya, unaumwa wapi wewe?" angeiuliza, kisha anyamaze kweli akisubiri jibu. Mwanzoni nilimcheka, baadaye nikajikuta nikifanya vivyo hivyo, na nafanya hata leo. Alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza kamwe: kitu chochote mteja alichobandika kwenye mashini yake, kiwe aya ya Biblia au picha ya marehemu, hakiguswi. "Hii ni nyumba ya mtu," alikuwa akiniambia. "Umeitwa urekebishe paa, sasa kabati unafungua ya nini?"

Mama Kerubo alikuja siku ya soko, akipumua kwa sababu ya ngazi zetu, laptopu ameifunga kwa leso na kuikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa. Alikuwa mjane wa Gesima mwenye shamba dogo la majani chai, mrefu, wa maneno machache yenye ncha. Aliifungua leso polepole juu ya meza, na kitu cha kwanza nilichoona ni kipande cha plasta, ile ya kahawia ya kufungia kidonda, kimebandikwa vizuri juu ya kioo, pale kamera ilipo.

"Hii kitu inakufa," alisema.

"Inakufa lini, Mama?" Ombati aliuliza.

"Nikimwona mtoto wangu."

Tulimpa kiti na chai, akaeleza. Binti yake Kerubo alikuwa Amerika miaka mingi, ameolewa huko huko na kijana wa kwetu, na karatasi zake za kuishi zilikuwa bado hazijakamilika. Akitoka asingeruhusiwa kurudi. Alimtumia mama yake laptopu iliyotumika ili waonane. Simu ya kawaida ya sauti haikuwa na matata. Lakini kila walipojaribu ya picha, uso wa Kerubo ulitokea, akasema "Mama", pengine akasema na la pili, kisha kioo kikageuka buluu na maandishi meupe, na mashini ikazimika. Hapo Mama Kerubo aliinua kidole akaonyesha jicho lake la kushoto. "Hili limeshaenda," alisema. "Ni presha ya macho. Daktari ameniambia hili lingine linafuata, na dawa ni ya kulichelewesha tu. Kerubo ana mimba. Mimi nataka nimwone yeye na huyo mtoto kabla sijafunga duka." Alisema hivyo bila huruma yoyote kwa nafsi yake, halafu akanywa chai. Mimi ndiye niliyeshindwa kunywa yangu.

"Na hii plasta?" Ombati aliuliza.

"Ni ya mkwe."

Ombati aliitikia kwa kichwa na mimi pia, maana sisi ni Abagusii na hapo hapakuhitaji maelezo. Kwa asiyetujua nitasema hivi: kwetu kuna chinsoni, haya ambayo desturi imeiweka kati ya watu fulani, na kati ya mwanamume na mama wa mke wake si ya mchezo. Hawashikani mikono, hawaketi karibu, hawakodoleani macho. Wakikutana njiani mmoja hupisha pembeni. Sasa Kerubo akiketi mbele ya kompyuta huko Amerika, mumewe yuko chumba hicho hicho akitafuta soksi. "Yeye akipita nyuma, mimi natazama chini," Mama Kerubo alisema. "Lakini yeye akinitazama mimi, nitajuaje?" Watu husema macho hayana pazia, huyu mama alikuwa ameyatilia. Ombati, ambaye mwenyewe akienda kwa wakwe zake alipitia nyuma ya migomba ili asikutane na mama mkwe kwenye mlango wa jikoni, aliifuta laptopu vumbi lote isipokuwa pale palipokuwa na plasta.

Nimefikiria mara nyingi jinsi tulivyohangaika baada ya hapo, na bado naona aibu kidogo na kicheko kingi. Tuliiweka laptopu ile kwenye soketi ya kona, tukaifungulia video za kwaya, ikaimba kutwa nzima bila hata kukohoa. Tukaisafisha feni, tukabadilisha memori, tukapima joto lake, tukampigia hata rafiki wa Ombati aliyekuwa Ogembo kwa simu ya mtandao ya sauti, wakaongea kuhusu bei ya mbolea hadi wakachoka. Mashini nzima. Tulimrudishia Mama, na Jumapili hiyo hiyo ikafa tena kwa neno "Mama". Ikarudi kwetu, ikaimba tena. Ombati alikaa akaitazama, ndizi mkononi, akatoa hukumu: "Hii mashini haina shida. Shida iko huko kwao." Tukaanza kuishtaki Gesima. Mara ni baridi ya mlimani, mara ni stima, umeme wao unaopanda na kushuka, mara ni modemu haipati mtandao kwa sababu ya kilima. Mimi na cheti changu niliunga mkono kila kimoja. Katika vyote tulivyovipekua, hatukuwahi kuishuku kamera. Ya nini, wakati imefunikwa? Kwetu sisi kitu kilichofunikwa kwa heshima kilikuwa kimelala, na hakuna mtu mwenye adabu anayemwamsha aliyelala. Sidhani kama fundi wa kabila lingine angekosea namna hiyo.

Basi ikawa kila Jumapili natoka kwetu Suneka naenda Gesima kumtazamia mama wa watu mashini yake, na hizo Jumapili ndizo ninazozililia leo. Nyumba yake ilikuwa ya mabati na saruji, sebule imejaa vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono: juu ya viti, juu ya redio, juu ya meza, na kimoja kizuri zaidi juu ya laptopu. Ukutani kulikuwa na picha moja tu, ya Kerubo akiwa na sare ya sekondari, amekunja uso kwa sababu ya jua. Mama alinipikia ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu aliyoichemsha kwa maziwa hadi uchungu ukawa utamu, na hakuniruhusu kugusa mashini kabla sijamaliza. Nilipenda kumtazama akichambua zile mboga. Alianza mwaka akizichambua kwa kutazama, akichagua jani bovu kutoka mbali. Kufikia mvua kubwa alikuwa akizileta karibu na pua. Baadaye alizichambua kwa vidole tu, uso ameugeuzia dirishani, akizungumza na mimi kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mimi niliona, naye alijua kwamba nimeona, na hatukulitaja.

Jumapili moja tulikuwa chumba cha ndani tukitafuta chaja, na jikoni walikuwa majirani wawili waliokuja kuazima kikapu cha kuchumia majani. Ukuta wa jikoni ulikuwa wa mbao tu, na hawakujua kwamba tuko pale. "Huyo msichana anakata simu mwenyewe," mmoja alisema. "Ana kitu anaficha." Mwingine akasema pengine hakuna ndoa yoyote, pengine huyo mume hayuko, mwanamume gani anaoa kwenye kompyuta. "Mama yake haoni, lakini sisi tunaona," alimalizia, na wakacheka kile kicheko cha chini. Damu ilinipanda. Nilitaka kutoka niwape vipande vyao, lakini Mama Kerubo alinishika mkono. "Waache," alisema polepole. "Heri kufa macho kuliko kufa moyo." Akaendelea kupapasa droo akitafuta chaja. Ila tulipoketi sebuleni aliniuliza, bila kunitazama, "Wewe umesomea hii mitambo. Mtu akiwa kule, anaweza kuizima ya huku?" Nikamwambia hawezi. "Kabisa?" Nikamwambia kabisa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba maneno ya jikoni alikuwa ameyasikia zamani, na kwamba giza la macho silo lililomtisha zaidi. Aliogopa litamfikia akiwa bado hajui kama mtoto wake anamkimbia.

Mtoto alizaliwa, mvulana, na Kerubo akasema kwa simu ya kawaida kwamba Jumapili atamwonyesha. Nilifika mapema. Nilikuwa nimeweka upya programu ya simu za picha na nilijiamini kweli kweli. Alasiri mvua ilishuka nzito, stima ikapotea, na sebule ikawa na giza la mawingu. Laptopu ikabaki na betri yake. Simu ya picha ikalia. Kerubo alitokea, amechoka na amependeza, akasema, "Mama, ngoja nimchukue, huyu hapa," akainama kando kumwinua mtoto. Mama Kerubo alisogea hadi paji la uso likakaribia kugusa kioo. Na mimi, kwa sababu chumba kilikuwa na giza, niliona kitu ambacho mwangaza ulikuwa umenificha mwaka mzima: ukingoni mwa plasta palikuwa na mstari mwembamba wa kijani. Taa ya kamera ilikuwa inawaka chini yake. Mikono ya Kerubo ikainuka na kitu kilichofungwa blanketi, na kioo kikawa buluu. Mama alibaki pale pale ameinama mbele ya kioo kilichokufa. "Ulimwona wewe?" aliniuliza. Nilisema sikumwona. "Basi hatukumwona sote," alisema, akaenda jikoni akakaa huko muda mrefu.

Nilimpelekea Ombati ile mashini kesho yake na kumwambia habari ya mstari wa kijani. Aliweka kikombe chini. Akaanza kucheka taratibu hadi tumbo likatikisika. "Kumbe ilikuwa macho wakati wote," alisema. "Tumeifunika uso, tukadhani imelala." Hata hapo hakuibandua plasta. Alimpigia Mama Kerubo kwanza kuomba ruhusa. "Bandueni," alijibiwa, "lakini mnirudishie." Tukabandua, tukaiita kamera, uso mpana wa Ombati ukatokea kwenye kioo ukiwa umeshangaa, kisha buluu. Nilifurahi kuliko siku niliyopata cheti. Mambo yenyewe yalikuwa hivi: kila kifaa ndani ya kompyuta kina draiva yake, programu ndogo ya kukitafsiria maneno. Fundi fulani, sijui wa wapi, alipoisafisha laptopu ile kabla haijaletwa, aliipa kamera draiva ya kamera nyingine. Kila simu ya picha ilipoingia kamera iliamka na kuanza kusema, mkalimani hakuijua lugha hiyo, akawa anabuni, na kompyuta nzima ikachanganyikiwa ikaona heri ijizime. Plasta haikuzuia lolote isipokuwa sura. Ombati aliitoa draiva ile, akatafuta iliyo sawa kwenye ukurasa wa waliotengeneza mashini yenyewe, akaiweka, na tukakaa tukijitazama kwenye kioo kama wendawazimu, mimi na yeye, hadi chai ikapoa. Kisha akanituma duka la dawa ninunue plasta mpya.

Jumapili iliyofuata stima ilikuwepo na mvua ilikuwa bado mbali. Kwao ilikuwa asubuhi. Kerubo alitokea na mtoto tayari mikononi, kwa sababu na yeye alikuwa amejifunza kutopoteza muda. Hakusema hata salamu, alimsogeza tu. Mama Kerubo aligeuza kichwa upande ili lile jicho la kulia lipate yote, akamtazama. Alimtazama sikio, akamtazama kidevu, akamwambia binti yake amfungue miguu, akatazama vidole. Walikuwa wamempa jina la marehemu babu yake, Onchari. "Paji ni la Onchari kweli," alisema. "Pua sijui mmeitoa wapi." Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa cha kiti nikiomba Mungu, nikingoja buluu, na buluu haikuja. Mtoto alipiga chafya, na bado haikuja. Mama alianza kuimba kwa sauti ya chini, kumwimbia mjukuu, maana kati ya bibi na mjukuu kwetu hakuna chinsoni, kuna utani tu.

Kerubo ndiye aliyemkatiza. "Mama, na mimi? Wewe unaniona. Mimi naona giza tu."

Mama aliigusa plasta kwa kidole. "Mwenzako yuko hapo?"

"Yuko."

Kabla hajaendelea, sauti ya mwanamume ilisikika kutoka mbali, haikusema na Mama, ilisema na mkewe: "Mwambie natoka." Tukasikia mlango ukifunguka na kufungwa. Mama Kerubo aliikaza leso yake kichwani, akanyoosha mgongo, akaniambia, "Moraa, bandua." Nikaibandua kwa ukucha. Kerubo alimwona mama yake, akaziba mdomo kwa mkono.

"Mama, umezeeka."

"Ulidhani nakungoja nikiwa msichana?"

Wakacheka, wakalia, wakacheka tena, na wakaanza kuongea kwa kasi, mambo ya ng'ombe, ya shangazi, ya maziwa ya mtoto kama yanatosha. Nilijua kwamba nahitaji kutoka, ila sikutoka. Nimekuwa fundi maisha yangu yote na sijawahi tena kutengeneza kitu nikaona mara moja hivyo kilikuwa kimevunjika wapi. Walikuwa bado wanaongea, Mama akakisogelea kioo. "Hapo nyuma yako, dirishani, ile nyeupe ni nini?"

"Theluji, Mama."

"Na mwenzako yuko wapi?"

"Yuko nje."

"Ndani ya hiyo? Amevaa nini?"

Kerubo aliangalia mlangoni. "Alitoka na sandali."

Nilikuwa na plasta kwenye ncha ya kidole, tayari kuirudisha, maana nilidhani ndilo atakaloniambia. Nilinyoosha mkono. Mama Kerubo aliushusha.

"Mwite aingie," alimwambia binti yake. "Mtoto wa watu asigande kwa sababu yangu. Mimi nitafumba macho."

Akayafumba yote mawili, lililokwisha kufa na lile alilokuwa akilitunza kwa dawa na maombi, akaweka mikono mapajani. Mlango ulisikika, na miguu ikikung'utwa. Mwanamume mrefu alipita ukingoni mwa kioo, theluji mabegani, akageuza uso wake ukutani kabla sijamwona vizuri, na akiwa ameuelekea ukuta, akitetemeka, akatoa salamu yetu ya asubuhi, "Bwakire buya, Mama."

"Bwakire buya," Mama alijibu. "Kerubo, mwekee chai ya moto."